Maswali ya Wasomaji: Kambi Ndogo kwa Wageni Wanaolala Ndani ya Magari Yao

SWALI: Ndugu Mshauri, pokea salamu kutoka Iringa. Mimi na mume wangu tuna shamba la ekari tatu, si mbali na barabara kuu iendayo Mbeya, upande wa Isimila. Nyumba yetu imo humo humo, kuna mikaratusi ya zamani na miparachichi, na tuna kisima kirefu alichochimba marehemu baba mkwe. Mwaka jana Wajerumani wawili, mtu na mkewe, walikuja na gari kubwa lenye kitanda na jiko ndani yake, wakaomba walale uwanjani kwetu kwa sababu giza lilikuwa limewakuta njiani. Walikaa siku nne, na walipoondoka walitusihi tufungue kambi ya wasafiri wa namna yao. Sasa mume wangu anataka tukope benki tujenge vibanda sita vya kulala wageni pamoja na baa ndogo. Mimi nasita. Je, watu hawa wanahitaji nini hasa, tuanze na lipi, na vibali tuvitafute wapi?

*Mama wa watoto watatu, Wilaya ya Iringa*

JIBU: Mama, kusita kwako kuna msingi, na ningefurahi kama mzee naye angeyasoma majibu haya kabla hajaenda benki. Anayesafiri kwa gari la kulala amekuja na kitanda chake, jiko lake na friji lake, na mara nyingi amekuja hata na choo chake. Vibanda sita atavipita kama anavyopita hoteli za mjini, kwa sababu aliliacha jambo hilo siku aliponunua gari. Anachokosa safarini ni ardhi kavu iliyo sawa, maji safi, mahali halali pa kumwaga uchafu wake, na usiku wenye utulivu na usalama. Mambo hayo manne ndiyo bidhaa yenu, na karibu yote yanatengenezwa kwa koleo, moramu, mabomba na uangalifu, bila mkopo mkubwa.

Mahali mlipo pana faida ambayo haikutokana na jengo lolote. Msafiri anayetoka kusini huingia nchini kwa Tunduma akitokea Zambia, au kwa Kasumulu akitokea Malawi, kisha hupanda Mbeya na kuifuata barabara kuu kuelekea Morogoro na Dar es Salaam. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na Iringa hadi Morogoro ni kama hizo tena, pamoja na mlima Kitonga wenye kona zake na foleni za malori. Ukizingatia kwamba kwenye kila kijiji gari hupaswa kushuka hadi kilomita 50 kwa saa, umbali huo ni safari ya kutwa nzima, na dereva mgeni hapendi kukutana na semi-trela usiku. Kwa hiyo wengi watalala Iringa wapende wasipende, na baadhi yao wataongeza siku ili waende Hifadhi ya Ruaha, waone zana za mawe za Isimila, au wafike Kalenga kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Wapo pia wanaokodi Land Cruiser yenye hema juu ya paa kutoka Arusha au Dar es Salaam. Hao hawana choo wala bafu, na watayatumia ya kwenu.

Anzeni na ardhi. Chagueni sehemu ya shamba inayokauka haraka baada ya mvua, mtengeneze viwanja vitano au sita tu vya magari. Ninasema vitano kwa makusudi, kwa sababu wageni wengi kutoka Ulaya wamezoea udogo huo. Kule Uingereza, kwa mfano, sheria ya mwaka 1960 inaruhusu shamba lenye cheti cha chama kinachotambuliwa kupokea karavani zisizozidi tano bila leseni kamili ya kambi, na maelfu ya watu huyapenda mashamba hayo kuliko kambi kubwa. Kila kiwanja kiwe na nafasi ya kutosha lori la kulala la mita 9 au 10, na kati ya gari na gari iachwe nafasi isiyopungua mita 6, ambayo ndiyo kanuni ya kawaida ya kuzuia moto usiruke kutoka moja hadi jingine. Mwinamo uwe mdogo sana, kama sentimita 2 kwa kila mita, ili maji ya mvua yaondoke lakini mgeni asilale kichwa chini. Friji nyingi za magari haya zinazotumia gesi hazipozi vizuri gari likiwa limeinama, na hilo ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo mgeni huangalia akisimama.

Msiviweke viwanja hivyo chini ya mikaratusi. Mkaratusi mzee huangusha matawi hata siku isiyo na upepo, na tawi moja likivunja sola juu ya paa, jina la kambi litakuwa limeharibika pamoja nayo. Miparachichi inafaa zaidi kwa kivuli, ila si wakati wa matunda makubwa. Tena msidhani kila mtu anataka kivuli: wengi wanategemea sola na watatafuta jua la asubuhi. Nusu ya viwanja iwe wazi, nusu iwe na kivuli, na kila mgeni achague mwenyewe.

Njia ya kuingilia inastahili fedha nyingi kuliko kitu chochote mtakachojenga. Mvua za kwenu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili, na lori la kusafiria lina uzito wa tani 10, 12 na hata zaidi. Likizama katika njia yenu ya udongo mtalazimika kutafuta trekta, na mgeni atakayefuata atakuwa amekwisha kusikia habari hiyo. Ondoeni udongo wa juu, jazeni moramu kwa tabaka na kuishindilia, chimbeni mitaro pande zote mbili, na muache mzunguko ambao gari refu litaweza kugeuka bila kurudi nyuma. Lango liwe na upana wa mita 4 au zaidi. Kisha mwite mtu ashike ufito wa mita 4 na nusu, atembee nao kutoka barabarani hadi kiwanja cha mwisho: popote utakapogusa waya wa umeme au tawi, hapo pana kazi ya kufanya kabla ya mgeni wa kwanza.

Kuhusu maji, kisima chenu ni mali kubwa. Pelekeni sampuli ipimwe na mlitunze jibu la maabara, kwa maana mgeni atauliza kama maji yanafaa kunywa na hana sababu ya kuamini neno tupu. Gari la kawaida hubeba lita 60 hadi 120, lori hubeba lita 200, 300 au zaidi, kwa hiyo siku ya magari matatu simtanki la lita 2,000 halitoshi kama kuna mabafu na kufua. Koki ya maji ya kunywa iwe na mpira wake wa pekee, uliotundikwa ukutani, usioburutwa chini wala kuazimwa kwa kazi nyingine yoyote. Kama kisima hakina kibali cha kutumia maji, ulizeni Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji, ambayo bahati nzuri makao yake yako hapo hapo Iringa.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo wenye kambi wengi hulisahau, nami ningeomba mlitangulize: mahali pa kumwagia choo cha gari. Magari mengi yana kisanduku cha choo cha lita 17 hadi 20 kinachochomolewa kwa nje na kubebwa kama begi. Mgeni asipoonyeshwa pa kukimwaga, atakimwaga kwenye choo chenu cha kukaa na kuchafua sakafu, au atakimwaga porini, na majirani zenu watakuwa na haki ya kulalamika. Jengeni sakafu ndogo ya saruji yenye ukingo, na katikati yake tundu pana lililo karibu na ardhi ili mtu asinyanyue mzigo, lenye kifuniko na bomba la inchi 4 linalokwenda shimoni. Pembeni wekeni koki ya kuoshea yenye mpira mfupi, iwe mbali na koki ya kunywa, na kibao kinachosema wazi kwamba maji hayo si ya kunywa.

Hapo pana hatari moja ya kitaalamu. Dawa ya buluu ambayo wengi hutia katika visanduku hivyo huweza kuwa na formalini, na kemikali hiyo huua vijidudu ambavyo ndivyo hufanya tangi la majitaka lifanye kazi. Kisanduku kimoja kwa wiki hakileti balaa, lakini visanduku vitano kila siku vitalifanya tangi linuke na kujaa mapema. Waombeni wageni watumie dawa zisizo na formalini, na ikiwezekana shimo la visanduku liwe tofauti na la nyumba. Maji ya vyombo na ya kuoga yaende kwenye shimo lake la kokoto. Mashimo yote yakae umbali usiopungua mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini ya mwinamo, na afisa afya wa kata aje aone kabla hamjafukia.

Vyoo viwili na mabafu mawili yanatosha kwa kuanzia, mradi yawe safi kila saa ya mchana. Fedha kidogo mtakayobakiza itumieni kwenye maji ya moto. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Juni na Julai, ambao ndio msimu wa wageni, baridi ya alfajiri haina mzaha. Pipa la chuma la lita 200 lililolazwa juu ya meko ya matofali linafanya kazi hiyo vizuri sana. Maji baridi yaingie kwa chini, ya moto yatoke kwa juu, na lazima pipa liwe na bomba la kupumulia lililo wazi, lililopanda juu kupita usawa wa maji ya tangi linalolilisha. Bila bomba hilo mvuke hauna pa kwenda na pipa linaweza kupasuka. Mabomba yaliyo karibu na moto yawe ya chuma. Matawi makavu ya ile mikaratusi yenu yatawasha meko hayo kwa muda mrefu, na bafu la moto baada ya vumbi la Ruaha ndilo jambo ambalo mgeni humwambia mwenzake.

Umeme haupaswi kuwatia hofu, kwa kuwa wengi wanajitosheleza kwa sola. Wekeni soketi mbili au tatu za nje zenye mfuniko, za pini tatu bapa kama tunazotumia nchini. Magari ya Ulaya huja na plagi ya buluu ya mviringo, hivyo muwe na vigeuzi viwili vya kuazima. Kila soketi iwe na breka yake ya ampea 10, inayotoa takriban wati 2,300, ili mgeni mmoja akichemsha birika asiwazimie wote, na fundi mwenye leseni afunge kifaa cha miliampea 30 kinachokata umeme papo hapo unapovuja. Hapo msibane matumizi, kwa sababu mtu aliyeshika gari la chuma akiwa amesimama kwenye majani yenye umande hana kinga nyingine.

Baa, mama, ningeiacha kabisa. Muziki wa usiku na gari la kulala havikai pamoja, kwa kuwa ukuta wa gari ni mwembamba na mgeni ataamka saa kumi na moja aanze safari ya Morogoro. Kwa sababu hiyo hiyo msichanganye wageni hawa na malori ya watalii yanayobeba watu 20 na mahema yao. Ni biashara nzuri, lakini ni biashara nyingine yenye mahitaji na kelele zake. Mlinzi awepo usiku kucha, afundishwe kutomulika tochi madirishani wala kugonga gari la mtu. Watoto wa jirani waelezwe kwa upole kwamba wageni si wa kuombwa pipi, na kina mama wa kijijini wapewe saa maalumu ya kuleta mayai, mboga, parachichi na vile vikapu vya milulu ambavyo Wahehe wanajivunia kwa haki. Jirani anayepata riziki kutokana na kambi yenu ni mlinzi wa pili.

Vibali msiviahirishe. Kwanza hakikisheni ardhi iko kwa jina lenu. Umetaja marehemu baba mkwe, kwa hiyo kama mirathi haijafungwa, ndugu wote waketi na makubaliano yaandikwe kabla hamjamwaga moramu hata lori moja. Kama ni ardhi ya kijiji, anzieni kwa serikali ya kijiji na hati ya hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kisha muulize ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhusu matumizi ya biashara. Jina la biashara husajiliwa BRELA, namba ya mlipakodi hutolewa na TRA, na leseni ya biashara mtaielekezwa halmashauri. Biashara za utalii zina leseni yake chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, inayosimamiwa na Wizara ya Maliasili na Utalii, hivyo mueleze maafisa kwa uwazi kwamba mtapokea wageni wa nje. Zimamoto watataka kuona vizimia moto, na kwa majani makavu ya Septemba wana haki ya kudai. Kibao cha barabarani nacho kinahitaji idhini ya TANROADS, kwa sababu hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kutoka katikati.

Bei itozwe kwa kila mtu kwa usiku, na ibandikwe langoni kwa shilingi. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2025 zimekataza kutangaza na kupokea bei kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na mgeni ataelewa akielezwa kwa adabu. Kutangaza hakuna gharama: wasafiri hawa wana programu ya simu iitwayo iOverlander, ambamo wao wenyewe huandika mahali pa kulala, hali ya maji, hali ya njia na tabia ya mwenyeji. Mwombeni mgeni wenu wa kwanza aliyeridhika aiandike kambi humo pamoja na mahali pake halisi kwenye ramani. Msijiandikie sifa wenyewe. Njia ikiharibika kwa mvua, semeni imeharibika. Mtampoteza mgeni mmoja na kupata imani ya wengi.

Kabla ya yote hayo, tafuteni usiku mmoja mwende nyinyi wawili kulala kama wageni katika mojawapo ya kambi kongwe za njia hiyo ya Mbeya, mlipe, muoge, mtazame wanavyopanga magari. Ukimwonyesha mzee kwa macho yake kwamba uwanja uliojaa ni ule usio na vibanda, mazungumzo ya mkopo yatakuwa mepesi.

SWALI: Shikamoo Mshauri. Mimi ni kijana wa Pangani, nina shamba la minazi linalogusa ufuo. Nataka kuweka kambi kama hiyo, magari yapaki karibu kabisa na maji. Kuna tahadhari gani?

JIBU: Marahaba, kijana wangu. Zipo tatu, na ya kwanza ni ya sheria: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda ukanda wa mita 60 kutoka ufukoni, kwa hiyo hesabu mita zako kwanza, uweke magari na mashimo yote nyuma ya mstari huo, na usikate mkoko hata mmoja ili kufungua mandhari. Wageni watatembea kwenda majini. Hawajaja kulala ndani ya mawimbi.

Ya pili ni minazi yenyewe. Nazi inayodondoka kutoka juu huvunja kioo cha gari na inaweza kuua mtu, hivyo ama viwanja vikae nje ya kivuli cha minazi, ama mkwezi apande kuangua kwa ratiba isiyovunjwa, makuti makavu yakiwemo. Wageni wengi hawalijui jambo hili nao watapaki chini ya mnazi kwa furaha. Ni wajibu wako kuwahamisha.

Ya tatu ni maji na mchanga. Kisima cha karibu na bahari kikivutwa sana kwa pampu huanza kuingiza chumvi, na kikishaingiwa huchukua muda mrefu kupona. Pampu kidogo kidogo ukijaza tangi, vuna maji ya mvua ya masika kutoka mapaa, na maji ya kunywa uyalete kutoka mahali pengine kama lazima. Kwa mchanga, tandaza moramu kwenye njia mbili za magurudumu na kwenye viwanja, na uwe na mbao mbili imara za kuweka chini ya tairi la aliyezama. Koki na soketi za chuma cha kawaida huliwa na hewa ya chumvi upesi sana, kwa hiyo nunua za shaba na za plastiki tangu mwanzo.

SWALI: Rafiki yetu raia wa Uholanzi, aliyepita kwa gari lake, anataka kununua nusu ya shamba letu ili tufungue kambi pamoja. Yeye ataleta fedha, sisi tutaleta kazi. Tukubali?

JIBU: Kwa namna hiyo, hapana. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimruhusu asiye raia kumilikishwa ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa, na hata hapo hupitia mamlaka ya uwekezaji, si kwa hati ya mauziano iliyoandikwa mezani kwenu. Mauziano ya siri yatawaumiza wote wawili: yeye hatakuwa na haki anayoweza kuidai mahakamani, nanyi mtakuwa mmepokea fedha msizoweza kuzieleza.

Kama mnaaminiana, ardhi ibaki yenu nzima, naye awakopeshe kiasi kinachojulikana kwa maandishi, chenye ratiba ya kulipwa kutokana na mapato ya kambi, mbele ya wakili ambaye ninyi mmemchagua na kumlipa. Kama anataka kuwa mshirika kamili mwenye hisa na kuishi nchini akifanya kazi kambini, atahitaji kampuni iliyosajiliwa pamoja na vibali vya ukaazi na vya kazi, na gharama hizo huzidi mapato ya viwanja vitano kwa miaka mingi. Mwambieni hivyo mapema, kabla hajauza gari.